Namba Thelathini na Moja

Saa kumi na moja alfajiri Lanvrein bado imefumba macho.
Natoa baiskeli bandani kama mwizi wa mali yangu mwenyewe.
Taa inakata kipande kimoja cha ukungu,
kilichobaki nakikisia kwa harufu:
hapa ng'ombe wa Kerbrat, hapa atichoki zilizooza,
hapa lami mpya, ile niliyoihangaikia kwa meya
barua nne na keki moja.

Kilomita arobaini kabla ya kazi.
Mguu unasema panda, kichwa kinasema hesabu:
vizuizi ishirini na sita, tunavyo kumi na tisa;
ambulensi haijajibu;
padri anauliza kama waumini watavuka salama
mbele ya wale watu wa kaptula za kubana.
Kileleni Roz Avel moyo unagonga mia na sabini
na mimi nimo kwenye vyoo: tukodi viwili, au vitatu?

Saa mbili mimi ni mpeleka barua.
Baiskeli nyingine, ya manjano, nzito kama deni.
Kila mlango nauachia bili ya umeme na swali:
Jumapili ya mwisho ya Agosti, utanisimamia njia panda?
Gwenolé anakubali akipewa bendera.
Rozenn mjane anakubali akipewa kiti.
Maël anasema goti, anasema mvua, anasema tutaonana.

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga.
Wa tatu hawakumtaja.
Labda walidhani hakuna mpumbavu wa hivyo.

Mwezi Juni, kule Kervoal, nilimaliza wa arobaini na nne,
nyuma ya mvulana aliyekuwa akitafuna chingamu.
Eflamm hakusema kitu. Akaosha mnyororo,
akaukausha pingili kwa pingili, ndipo akasema:
"Miguu unayo, Soazig. Usingizi huna."
Nilinuna siku mbili, maana ilikuwa kweli.

Halafu nikajiandikisha katika mashindano yangu mwenyewe.
Nikajilipa yuro nane, nikajikatia risiti,
nikajishukuru kwa kushiriki.
Namba thelathini na moja, pini nne, mgongoni.

Jumapili, jua limeitika mwaliko.
Watu tisini na wawili mstarini, wake kwa waume,
wananusa mafuta ya kuchua na wasiwasi.
Dakika kumi zimebaki, simu inalia: Maël. Goti.
Njia panda ya kisimani haina mtu.
Nasoma orodha juu hadi chini.
Kila jina lina mahali pake;
moja tu lina mahali pawili.

Nikavaa fulana ya kung'aa juu ya namba.
Nikashika bendera.

Unawasikia kwanza, kama mvua kwenye bati la jirani,
kisha upepo wao unakupiga kifuani,
mtu anatukana, mtu anacheka, breki zinalia,
sekunde nne,
halafu barabara, tupu kama sahani iliyolambwa.
Mizunguko kumi na miwili.
Nilipata sekunde arobaini na nane za mashindano,
na kati yake Kerbrat na trekta lake la vitunguu:
"Dakika mbili tu, mzee." "Vitunguu havijui dakika."

Alishinda yule wa chingamu.
Tukampa kikombe na kreti ya atichoki;
akasimama jukwaani, hajui ashike kipi kwanza,
na mimi, peke yangu katika umati ule, sikucheka.

Jioni nikavua fulana, nikapanda kwenda kung'oa mishale.
Kila kona nasimama, nabandua, nakunja, naondoka.
Mzunguko mzima hivyo, mwendo wa kobe mwenye karani.
Lakini ule mnyoofu wa mwisho, kutoka kanisani,
hauna mshale.
Nikashuka mikono chini ya usukani,
nikasimama juu ya pedali, nikaziuliza bila huruma
asubuhi zote zile zilikokwenda,
nikaukata mstari wa chaki, nusu umeshaoshwa na bia,
pumzi nje, mate shavuni.

Eflamm alikuwa anakunja viti.
Hakuinua kichwa.
"Umesahau mshale wa kisimani," alisema.

Nikageuza.